Mkia wa Hina

Rawiya, akimnyonyesha mwanawe barazani, hakuchoka kuitazama mikono ya jirani yake mchora hina, ncha za vidole nyeusi daima, kama ametoka kuuchuma usiku. Kila mteja alimchorea maua polepole, akiimba puani wimbo usio na maneno. Mwisho, juu ya kifundo cha mkono, aliandika anwani ya ukurasa wake wa intaneti, na ule mkia wa doti info akaupitia mara mbili.

"Si ungechukua doti komu kama wenzio?" muuza kahawa alimtania. "Mkia huo nani ataukumbuka?"

"Ya doti komu kuna mtu kaniwahi. Jina langu watalikumbuka. Mkia ndio nnaowaachia mwilini."

Mwaka mzima haikuja hata barua moja. Kisha alasiri moja Shaista wa duka la intaneti akaleta barua pepe aliyoichapa karatasini, Rawiya akaisoma: "Hina yote imeshatoka, kimebaki kimkia chako tu. Harusi yangu mwezi wa saba, hapa Maskati. Utakuja kunipamba?"

 Mkono wa mteja mwingine ulikuwa mapajani mwa mchora hina. Akauinamia, akaupitia mkia mara ya tatu.