Zimwi Langu na Sufuria ya Mama Zuhura

Leo jirani kanishindia zimwi, na wala hajui.

Tulikuwa kwetu Bofu, tunacheza ule mchezo wetu wa mezani, wa kusimuliana hadithi za mashujaa na madude. Mimi ndiye mbunifu wa madude; wenzangu watatu ndio mashujaa.

Nimechoka na mazimwi ya kukatwa vichwa. Langu halitaki vita. Linamla anayeingia pangoni bila kupiga hodi, basi.

Siri hiyo sikuitoa.

Wallahi, watu wazima watatu, Waswahili na adabu zao, wamevunja mlango wa pango mara nne. Wote wameliwa!

Swaleh, mmoja wao, akanuna: "Dude lako halishindiki."

Mara mlangoni kwangu, mlango wa kweli: "Hodi! Hodi wenyewe!"

Jirani, Mama Zuhura, kafuata sufuria yake aliyoniazima.

Nikajibu kwa sauti ya zimwi: "Karibuuu!"

Kapiga hodi, basi hazina yote ya pangoni ikawa yake. Yeye akakagua sufuria kama imeoshwa.

Haikuoshwa. Jicho alilonitolea!

Sasa semeni, zimwi hapa nani?