Sauti ya Nadège mu telefone yangu

Kama ulikuwa mule mu salle, ukumbi wa kanisa, siku ile, usijifanye hukuniona, juu najua ulicheka, hata padri mwenye alituazima salle alicheka mpaka akatoa lunette ya macho akapanguza machozi. Ile haya ninayo mpaka leo. Lakini wacha niwaelezee mimi mwenyewe, kwa sababu kwetu, quartier ya Rwambuzi, wanaieleza vibaya, wanasema telefone yangu ilikuwa na shetani. Haikukuwa na shetani. Ilikuwa na sauti ya Nadège.

Nadège na mimi tulijifunza ordinateri pamoja, kompyuta moja, kiti kimoja, mmoja anakaa mwingine anasimama. Mimi nikatengeneza programu ya telefone juu ya mama yangu, mwenye anauzisha samaki sokoni na hajui kusoma, kila mesaji alikuwa anatafuta mutu wa kumusomea, na hivyo siri zake zote quartier muzima ilizijua. Programu yangu inasoma mesaji kwa sauti kubwa, kwa Swahili yetu ya hapa, si ile ya redio. Siku ya kurekodi sauti nilikuwa na mafua, Nadège akasema, "Lete, mi nasoma." Akasoma maneno mpaka koo ikakauka, na mashine ikajifunza sauti yake mpaka ikaweza kusema hata vitu vyenye hajawahi kusema (hapo sikufikiri vizuri).

Kisha kila mutu akashika projet yake. Ya Nadège ilikuwa ya kuunganisha walimaji wa kule kijijini Fataki na wanunuzi wa hapa mujini Bunia. Sasa wakakuja wageni kutoka Kinshasa, walikuwa wanatafuta wasichana wa teknolojia wa miji ya mbali, wenye hakuna benki inawafungulia mulango, ili wawape mtaji na mutu wa kuwaongoza. Siye ba Ituri tumezoea kukumbukwa juu ya vita, siku hiyo walikuja juu ya akili zetu! Walikuwa pia na nafasi ya kwenda kusoma Kinshasa, lakini kwa Bunia muzima ilikuwa moja.

Siku ya kuonyesha projet mbele ya jury, wale wenye wanachagua, Nadège akaanza. Robe, gauni ya manjano, maua makubwa, Kifaransa kinatelemuka sawa maji, na yule mama mukubwa wa jury, mwenye hakutikisia mutu kichwa tangu asubuhi, akaanza kumutikisia kama anakubali. Mimi niko nyuma. Nikatoa telefone nikamuandikia yaya Furaha, dada yangu mukubwa, mwenye alikuwa sokoni na mama. Nikaandika robe ya Nadège inafanana na rideau ya sacristie, ile pazia ya chumba padri anavalia. Nikaandika Kifaransa anakipitisha ku pua. Nikaandika huyu mama wa jury anamuangalia sawa mutoto wake wa kuzaa. Yaya hakujibu, réseau, mtandao wa sokoni, mnaijua.

Basi wakaniita. Walikuwa wametuambia tukate réseau, tuonyeshe na mesaji zenye tumetayarisha. Mimi nikasema hapana, Nadège ameonyesha mapicha tu, mimi nitaonyesha kitu kinaishi. Nikaacha réseau wazi, nikambipu yaya anitumie bei ya samaki vile tulipatana, nikaunganisha telefone na ma-baffle, zile spika kubwa za kanisa. Nikasema, "Sasa mutasikia mesaji ya kweli, inaingia sasa hivi!"

Ikaingia. Na Nadège, kwa sauti yake tamu, akajaza salle:

"Nimecheka mpaka nimeangusha samaki! Kumbe robe ya Nadège inafanana na rideau ya sacristie?"

Nikabonyeza, haikunyamaza. Nilikuwa nimeitengeneza hivyo mimi mwenyewe, mama mwenye mikono iko na samaki asilazimike kugusa kitu, inasoma yote mpaka mwisho. Nikavuta waya, kumbe ni ya projecteur, picha ikazimika, sauti ikabaki.

"Lakini acha wivu, mudogo yangu. Si weye ulilia juzi ukasema Nadège anakupita akili? Na hiyo sauti yenye unaringa nayo, si yake?"

Kisha, sawa hakuna kitu kimetokea:

"Samaki leo bei iko juu."

Watu waliangukiana kwa kucheka. Ni mama wa jury peke yake hakucheka. Akauliza, "Hiyo sauti ni ya nani?" Nadège akasimama kule katikati, na robe yake. "Ni yangu, mama." Sauti ileile. Hapo kicheko kikakatika.

Nafasi wakampa yeye. Mimi, yule mama aliniita pembeni, akasema kazi yangu ni ya maana, atanitafutia mutu wa kuniongoza nikiwa hapahapa, "lakini sauti ya mutu haibebwi hivi. Enda umuombe ruhusa."

Nikaenda kwao Nadège. Mama yake alikuwa anachagua maharagi mu lupango, uwanja wa nyumba yao. Nikapiga magoti karibu, nikaomba. Nadège akaniangalia, akasema, "Nisomee kwanza."

"Nini?"

"Yenye uliandika. Yote. Na mudomo yako."

Nikasoma. Nilipofika ku rideau ya sacristie, mama yake akainua kichwa. "Ile robe ni mimi nilishona," akasema, akarudilia maharagi yake. Ningelipenda udongo unimeze.

Nadège akachutama, akamusaidia mama yake kuchagua. Mwisho akasema, "Sauti baki nayo, bamama wa sokoni wameshaizoea. Lakini mimi na weye, usiniite rafiki kwanza."

Sasa yeye iko Kinshasa, ananenepa, anaweka mapicha na watu wakubwa, na mimi nayaangalia yote, moja moja, na inaniuma, siwadanganye. Na kila asubuhi telefone inasomea mama yangu mesaji, mama anatabasamu, anasema huyu mutoto anaongea vizuri kweli.

Nimeapa sitaandika tena ubaya wa mutu moyo ukiwa ungali moto. Wivu ikinishika, nitaenda kumuambia mwenyewe uso kwa uso. Nadège anarudi likizo mwezi kesho. Nimeshaanza kutafuta namna ya kuanza kuongea naye, na mpaka sasa sijaipata.