Mrija wa mama ulipaswa kutolewa

Leo daktari amemuuliza mama swali, na jibu nilikuwa nalo mimi.

Nimemleta hospitali Ifakara kutoka kijijini Mofu, kiuno kinamuuma. Wakampiga picha ya eksirei.

"Mama, ule mrija uliowekewa kwenye figo ulitakiwa kutolewa baada ya miezi mitatu. Sasa una miaka miwili, umegandwa na mawe. Tutautoa, ila kwa upasuaji. Hukuambiwa?"

"Sikuambiwa, baba."

Jamani, niliambiwa mimi. Siku ile alipowekewa, yeye alikuwa bado na usingizi wa dawa. Nikaitikia "sawa", nikawahi kuvuna mpunga, nikasahau.



Daktari akaeleza ya baada ya upasuaji: maji mengi, kurudi kliniki.

Mama akanigeukia. "Sikiliza wewe, mwanangu. Mimi nitasahau."

Sasa yupo wodini, amelala. Bado sijamwambia.

Nyie mngeanzaje?