Isale kwa Ajili ya Gemu

Krismasi iliyopita nilipanda kwenda nyumbani Uchaggani na laptop mpya, ndani yake gemu ya magari tuliyoicheza utotoni mimi na dada yangu. Gemu hiyo ilitengenezwa enzi za televisheni za chogo, zenye kioo karibu mraba. Kwenye kioo kipana cha laptop picha inavutika na magari yanatanuka kama maboga. Upuuzi huo mimi siuvumilii. Nikairudisha picha katikati, kwa umbo lake la zamani, pembeni kukabaki weusi huku na huku.

Nikaenda jikoni kuchota mtori. Kurudi, dada ameivuta tena ijae kioo chote.

"Umenunua kioo kizima, unatumiaje nusu?"

Nilifoka mpaka ng'ombe akaitikia zizini.

Dada alitoka hadi ukingoni mwa kihamba, shamba letu la migomba, kwenye masale tuliyopanda kuonyesha mpaka wetu na jirani, akachuma jani moja na kuliweka juu ya kibodi. Kwetu Uchaggani, ukiletewa jani hilo, isale, umeombwa msamaha, na kukataa huwezi. Nikameza hasira. Tukaendesha maboga jioni nzima, na mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Asubuhi nikairudisha picha yangu. Safari hii akafoka yeye, nami nikatoka kwenda kuchuma isale. Mama, aliyekuwa akimkatia ng'ombe majani, akanipigia kelele:

"Acheni masale yangu! Mkiendelea kuombana msamaha hivi, jirani atahamia sebuleni."