Koki Haifungwi kwa Pupa

Kazini walimwita Mama Taratibu. Dada yangu alikuwa mtunza koki wa idara ya maji: ndiye aliyefungua na kufunga bomba kuu linaloshuka kutoka kwenye tangi, likapita bondeni, kisha likapanda tena kuelekea hospitali. Wenzake walimtania kwamba hata chai huinywa ikishapoa. Mumewe, fundi wa mabomba katika idara hiyohiyo, alikuwa na haraka ya watu wawili.

Asubuhi moja nilimpitia pale kwenye koki, juu ya bonde, kumsalimu. Chini bondeni shemeji alikuwa ameingia mtaroni kutazama kona ya bomba iliyokuwa ikivuja. Hakusubiri maji yafungwe. Alichimba apate kuona vizuri, akaondoa udongo wote ulioishikilia ile kona. Ukingo ukaporomoka, ukamfukia mguu hadi gotini, na ufa wa bomba ukapanuka. Mtaro ukaanza kujaa.

"Funga!" alipiga kelele. "Mke wangu, funga!"

Dada alizungusha gurudumu la koki kidogo, akatulia, akalaza kiganja juu ya bomba. Akazungusha tena kidogo.

Dereva wa idara alikuja mbio. "Mama, huyo ni mumeo au jirani? Maji yamemfika kiunoni!"

"Nayaona."

"Basi kaza!"

"Nikikata ghafla, yaliyokwisha kupita yatakimbia mbele na kuacha utupu nyuma yake. Halafu yatarudi kwa kishindo, yapige ile kona. Haina kinachoishikilia. Itang'oka, na iko usawa wa kifua chake."

Dereva hakuelewa, au hakutaka. Alilidaka gurudumu. Dada akampiga mkono, kofi la kweli.

"Kama una nguvu za ziada, chukua sepetu ukamfukue mguu!"

Dereva akashuka. Kule chini shemeji aliacha kubembeleza, akaanza kumtukana mkewe matusi ambayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake. Maji yalimfika kifuani, kisha shingoni. Jasho lilimdondoka dada puani, na kila mara bomba lilipotetemeka chini ya kiganja chake alisubiri litulie. Niliona midomo yake ikisema, "Vumilia, baba, vumilia."

Maji yalikuwa kidevuni yalipoacha kupanda. Ufa ukabaki ukitoa mchirizi tu. Dereva akapiga mbizi, akachimba kwa mikono, na hatimaye mguu ukachomoka.

Shemeji alipanda ukingoni. "Ulitaka nife," alimwitia mkewe kule juu kwa sauti iliyokauka, na kwa hasira akashusha mguu majini, akaipiga teke ile kona.

Iling'oka kwa teke hilo moja, ikazama mtaroni.

Alipatazama ilipopotelea, akakaa chini kwenye tope. Baadaye akapanda hadi kwenye koki. Dada alikuwa bado amelishika gurudumu. Vidole vilikataa kuachia. Mumewe akaanza kumfungua kimoja kimoja, bila haraka.