Miguu ya Mzee Harrison

Wengi wenu mlimfahamu Tumpe, yule dada wa Mbeya aliyekuwa akiwahudumia wazee kule New Hope, makao ya wazee Marekani. Ila sidhani kama aliwahi kuwaambia kwa nini kwake hapakuwa na picha ya mtu ukutani. Chanzo ni Mzee Harrison.

Mwaka 2004 mzee huyo alikuwa na miaka tisini na mitano, Mmarekani mweusi, hana mke wala mtoto. Ujanani alicheza dansi ya viatu vyenye vyuma katika vodevili, yale maonyesho ya zamani ambapo jukwaa moja lilipitiwa na mwimbaji, mchekeshaji, hata mtu na mbwa wake. Tumpe alimwogesha kila asubuhi, na kila asubuhi mzee alidai uso usuguliwe mara mbili.

"Bado, binti yangu. Nyuma ya masikio."

Tumpe alidhani ni uzee tu.

Siku moja akipanga soksi, alikuta picha chini kabisa ndani ya droo: kijana jukwaani, mguu mmoja hewani, uso mweusi ti, midomo imechorwa kwa rangi nyeupe hadi mashavuni. Sasa jamani, kwetu picha ya mzee inakaa sebuleni, haikai na soksi. Tumpe akaipeleka ikakuzwe, akaitia fremu, na siku ya kuzaliwa ya mzee akaitundika chumba cha kulia. Mwenyewe hakumuuliza.

"Wueh, Tumpe!" alisema Jedidah, Mkenya aliyefanya naye kazi. "Huyu mzee leo ata-cry mbele ya watu."

Mzee akasukumwa ndani kwa kiti chake. Akaitazama.

"Ishusheni."

Watu wakadhani anatania, wakapiga makofi.

Baadaye, wawili peke yao, alimweleza. "Wenye kumbi walisema weusi wangu hautoshi kuchekesha watu. Wakanipaka masizi ya kizibo kilichochomwa, juu ya ngozi yangu hii hii. Miaka sita. Tuliingia kwa mlango wa nyuma, hoteli zilitukataa, tukalala kwa weusi wenzetu. Hakuna aliyewahi kuniona nikicheza kwa uso wangu."

"Nisamehe, babu. Sasa kwa nini uliitunza?"

"Miguu. Miguu ni yangu." Akamshika mkono. "Nikifa, usikubali wanizike na yule mtu."

Tumpe akaahidi. Akaishusha siku hiyohiyo, lakini ofisini walikuwa wameshatengeneza nakala.

Mzee alifariki Februari iliyofuata. Tumpe ndiye aliyemwosha kabla gari halijamchukua, akausugua uso mara mbili, hadi nyuma ya masikio.

Siku ya mazishi walikuja watu watano wasiomjua kwa sura. Jeneza lilikuwa limefungwa, na kando yake, kwenye stendi, alisimama yule kijana wa masizi, mkubwa kama dirisha.

"Ndiyo picha pekee tuliyo nayo," alisema meneja. "Na uliileta wewe."

Meneja alipotoka kumpokea mchungaji, Tumpe alichukua mkasi mdogo kwenye mkoba wake, akaitoa picha.

"Watakufuta kazi, wewe!" Jedidah alinong'ona.

"Wanifute."

Akaikata kiunoni. Sehemu ya juu akaikunja mfukoni mwa koti, ya chini akairudisha kwenye fremu. Mchungaji alipoingia alikuta miguu miwili mizuri, mmoja hewani, juu yake kadibodi tupu.

Kazi alifutwa kweli, Jumatatu yake, na tangu hapo hakutundika tena picha ya mtu yeyote ukutani. Lakini alilia kwa jingine: kwamba wale watano walirudi nyumbani bila kujua mzee alikuwa na sura gani.

Naye Tumpe, aliyejua, hakuwa na picha ya kuwaonyesha.