Mrija wa Baba Mdogo

Harufu ya unga wa wimbi uliochacha ukikaangwa juu ya bati hainipiti hivi hivi. Juzi nilikuwa Malaba, nyuma ya maegesho ya malori, ikanijia kutoka ua wa mtu, chungu yenye utamu kwa mbali, kama mkate ulioungua. Nikasimama. Nilikuwa natoka kwenye semina ya kazini, ambako kijana mwenye tai alitufundisha jinsi ya kupanga muda ili tupunguze mawazo. Yeye mwenyewe alifika amechelewa. Sikushangaa, kwa maana nimekulia karibu na mtu wa namna hiyo.

Huyo alikuwa baba mdogo Etyang, ndugu ya marehemu baba yangu. Kazi yake ilikuwa kuwatolea watu mizigo forodhani, na shughuli zake alizivaa mwilini: simu mbili, kitambulisho shingoni, bahasha kwapani. Chai kwetu aliinywa wima. Ukimwomba jambo, alikuambia haraka haraka haina baraka. Akikutuma yeye, ilikuwa chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Sisi watoto tulimwona mtu mkubwa, na leo nikikumbuka naona haya kwa niaba yake, maana yeye mwenyewe haya hakujaliwa.

Mwaka huo dada yangu Amoit alikuwa anaposwa. Wakwe walitarajiwa kutoka ng'ambo, upande wa Uganda, waje kuongea mambo ya ng'ombe. Kwetu Wateso ugeni wa namna hiyo haukai mkavu. Chungu cha ajon, pombe yetu ya wimbi, huwekwa katikati, wazee wakakizunguka kila mmoja na mrija wake mrefu uliotolewa paani unakohifadhiwa, na maji moto yakaongezwa taratibu huku maneno yakiendelea. Pombe hiyo haina njia ya mkato. Unga hukandwa ukaachwa uchache, ukakaangwa, ukaanikwa, ukatiwa kimea na maji, kisha ukasubiriwa. Hata uwe nani, utasubiri.

Gunia la wimbi tulikuwa nalo. Ila lilikuwa mjini, kwenye stoo ya baba mdogo, kwa sababu paa letu lilikuwa linavuja, na ufunguo alitembea nao yeye mfukoni. Mama alimwomba mapema, kwa heshima zote za shemeji. Akajibu, "Hiyo ni kitu ndogo, shemeji. Usijipe presha." Kazi yenyewe ilikuwa kufungua mlango.

Kila nikitoka shule nilitumwa kwake. Nilimkuta palepale, kwenye kivuli cha lori, ameinamia ubao pamoja na wabadilishaji pesa, wanasukuma vifuniko vya soda huku na huku, watu wamewazunguka. Aliinua mkono bila kuniangalia. "Ambia mama niko bize, si unaona? Kesho naleta." Na kweli niliona. Niliamini kabisa kwamba kazi ya forodha ndiyo hiyo, kwamba kifuniko kikifika upande wa pili wa ubao, mahali fulani lori linafunguliwa lango. Nikarudi mbio kumwambia mama kwamba kazi imemwelemea.

Mama aliacha kula vizuri, akawa anafagia ua ambao tayari ulikuwa safi. Nilidhani ana malaria. Amoit naye alisugua sufuria zilezile kila siku, maana tulishasikia kwamba huko ng'ambo kuna binti mwingine ambaye shangazi za kijana anayeposa wanamtajataja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema, na kwetu yaliuma matumbo ya watu wawili. La mwenye ufunguo lilizidi kunenepa.

Gunia lilikuja juu ya bodaboda siku moja tu kabla ya wageni, baba mdogo nyuma yake anatoka jasho na kutoa amri. Weka sukari. Weka hamira ya mandazi. Funika blanketi, sukumia juani. "Mambo ni kuforsi tu," alisema. Mama alifanya alivyoambiwa, kwa sababu chungu kitupu kingekuwa aibu zaidi.

Wageni wakaketi. Baba wa kijana, mzee mpole mwenye kofia ya sufu, akatia mrija, akavuta. Mashavu yakaingia ndani. Akavuta tena. Mrija ulikuwa umezibwa na unga mbichi, na kilichopanda mwishowe kilikuwa uji mchachu wenye sukari. Nilimwona akiumeza kwa adabu. Baba mdogo akaanza kueleza: malori, foleni, kazi ya mpaka haina huruma. Nikaona anahitaji shahidi. Nikasema kwa majivuno, "Ni kweli, mzee. Mimi kila siku namkuta anasukuma vifuniko vya soda, na watu wanamshangilia."

Hakuna aliyecheka. Mzee aliuchomoa mrija wake, akauegemeza ukutani. "Basi tumemwona mtu wa kazi," alisema. "Mama, sisi tutarudi mkivuna tena." Wakaaga. Ng'ombe hawakutajwa. Amoit alikimwaga chungu nyuma ya choo, peke yake. Baba mdogo alikuwa ameshaweka simu sikioni, anachelewa mahali.

Walirudi, namshukuru Mungu, ingawa Amoit alikonda msimu mzima akiwasubiri. Safari hii gunia lililala chini ya kitanda cha mama. Alianza mapema, akamaliza mapema, na wageni walipokuwa njiani nilimkuta amekaa kivulini, miguu ameinyoosha, anatafuna muhogo. Ile malaria ilikuwa imepona. Yule kijana mwenye tai angeiona miguu ile, angefunga semina yake akaenda nyumbani.

Baba mdogo alifika chungu kimeshaongezwa maji mara nyingi na ng'ombe wameshakubaliwa. Akaangaza macho kutafuta mrija wake. Haukuwapo. Alisimama pale na simu zake mbili, wazee wanavuta, na hakuna aliyesogea. Nilimwonea huruma karibu nilie. Nilidhani mrija wake umesahaulika.

Nilikuwa mtu mzima, nina mume wangu mwenyewe wa kuniambia "kesho", nilipoelewa. Asubuhi ile mama aliiosha mirija yote kwa mkono wake, akaianika juani. Kisha akachukua mmoja, mzima kabisa usio na kasoro, akauchomeka tena paani ulikokuwa. Mimi ndiye niliyemshikia kigoda.